Wasimamizi wa nyumba wapo, wa kuwapa nyumba ndio wachache

Nguzo za umeme kati ya Tabata na Kimara zimejaa vibao vya madalali. Kibao cha msimamizi wa nyumba ni nadra, ingawa wenye kazi hiyo wanaongezeka jijini Dar es Salaam: vijana waliosomea ardhi, wastaafu, hata madalali waliochoka kutembeza wateja juani. Fremu wamekodi, mhuri wamechonga. Nyumba za kusimamia ndizo hawana.

Tatizo ni nani analipa. Dalali analipwa na mpangaji: kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi hela ya kupelekwa kuona chumba. Mwenye nyumba hatoi kitu. Msimamizi anamfuata mwenye nyumba huyohuyo akitaka asilimia 10 ya kodi ya kila mwezi.

"Wananiuliza, nikulipe kwa kazi gani?" anasema mama mmoja mwenye ofisi Sinza. "Nikisema nitadai kodi, nitaita fundi choo kikiziba, nitaamua ugomvi wa LUKU, wananijibu hayo mwanangu anayafanya."

Alianza na vipeperushi. Waliompigia walikuwa wakitafuta vyumba. Akalipia matangazo ya Instagram, yakawa yaleyale. Waliomletea wateja ni mafundi bomba. "Fundi anajua nyumba ipi mwenyewe yuko Mwanza au Oman, na mdogo wake anakula kodi." Fundi akimuunganisha na mwenye nyumba, mama huyo hamwachi fundi mikono mitupu. Mwanzoni mwa mwezi humtumia mteja kwa WhatsApp picha za risiti, mita ya maji na, mvua zikinyesha, dari. Mteja huzionyesha kwa wenzake walio mbali na nyumba zao, na hilo limemletea kazi kuliko ukurasa wake wa mtandaoni.

Hata hivyo ana kinyongo. Nyumba ya vyumba sita vya shilingi 80,000 inampa 48,000 kwa mwezi. "Dalali akiingiza mpangaji mmoja anaondoka na 80,000, na wakigombana hayumo." Wapangaji wakilipa miezi sita kwa mkupuo, baadhi ya wenye nyumba huchukua zote, kamisheni ikabaki ya kudaiwa. Kinachomuuma zaidi ni kuachwa baada ya kazi kukamilika: "Nimemnyooshea nyumba, wapangaji wametulia, ananishukuru halafu anampa shemeji yake."

Ofisa mmoja wa serikali anaona neema. Anataja sensa ya 2022, watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, kana kwamba wote ni wateja. Lakini wenye nyumba wengi wa uswahilini wanaishi ua mmoja na wapangaji wao, na kodi wanaidai kwa kugonga mlango. Ofisa huyo anasema pia kwamba sheria ya sekta ya milki ikipita, madalali wasiosajiliwa watatoweka. Huenda. Lakini sheria ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kauli za kuweka utaratibu mpya si ngeni masikioni mwa wafanyabiashara hawa.

Ofisa huyo anaongeza kwamba wasimamizi watarahisisha ukusanyaji wa mapato ya serikali. Ndicho hasa wanachokiogopa wenye nyumba. Mpangaji wa duka au ofisi anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10, na mwenye nyumba akisikia neno risiti huona msimamizi anamfungulia faili asiloliomba.

Kwenye maghorofa yenye wamiliki wengi, yanayotambuliwa na sheria ya mwaka 2008, lifti, jenereta na walinzi vinahitaji mtu wa kuvisimamia, na hapo maelezo ya kwa nini msimamizi alipwe huwa mafupi. Ila kazi hizo si rahisi kumfikia mwenye meza moja na simu.

Kwa sasa mwenye mtaji mdogo afadhali pesa ya vipeperushi aipeleke kwa mafundi. Na asianze kazi bila mkataba unaotaja muda wa notisi na kamisheni atakayolipwa akiondolewa.