Works Volume 2: Makombo Yanayowafichua Wapishi Watatu

Mwezi Novemba mwaka 1977 bendi ya Uingereza ya Emerson, Lake & Palmer ilitoa albamu iliyoitwa Works Volume 2, na tangu wakati huo wakosoaji wengi wameihesabu kuwa kapu la makombo, kwa kuwa vipande vyake 12 vilirekodiwa katika nyakati mbalimbali kuanzia 1973, baadhi vikiwa kazi ya bendi nzima na vingine kazi ya mwanamuziki mmoja aliyeingia studio na watu wengine kabisa. Hukumu hiyo si ya uonevu, kwani albamu inapanda na kushuka mno. Hata hivyo, kupanda na kushuka huko ndiko kunakomwezesha msikilizaji kutambua kile ambacho kila mmoja wa watu hawa watatu alikuwa akiwapa wenzake.

Roki ya progresivu, tawi lililochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, ilikataa kubanwa na wimbo wa dakika tatu: ilirefusha tungo, ikaazima mbinu za muziki wa klasiki na jazi, na mara nyingi ikakipa kinanda hadhi ambayo kwa kawaida hupewa gitaa. Bendi hii iliundwa mwaka 1970 na watu waliokwisha kujijengea jina kwingine, yaani mpiga kinanda Keith Emerson kutoka The Nice, mwimbaji na mpiga besi Greg Lake kutoka King Crimson, na mpiga drams Carl Palmer kutoka Atomic Rooster. Baada ya albamu ya Brain Salad Surgery ya 1973 na ziara iliyofuata, kila mmoja aligeukia kazi yake binafsi, na badala ya kuachia albamu tatu tofauti waliziunganisha katika Works Volume 1, ya santuri mbili, iliyotoka Machi 1977, ambamo kila mtu alipewa upande wake na upande wa nne ukaachiwa bendi.

Mgawanyo huo ulikuwa wa haki, lakini ulimnyima kila mmoja mtu wa kumzuia. Upande wa Emerson una konserto, utungo mrefu ambamo ala moja hujibizana na okestra, na hapa piano yake inajibizana na London Philharmonic Orchestra katika sehemu tatu, ambazo ya mwisho, aliyoihusisha na moto ulioteketeza nyumba yake ya Sussex mwaka 1975, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Lake ana nyimbo tano alizoandika na mshairi Peter Sinfield, nyingi za taratibu, ambazo kila moja ikisikilizwa peke yake inapendeza, ila zikifuatana utamu wake unachosha. Palmer anaruka kutoka Prokofiev hadi Bach hadi roki ya Los Angeles yenye gitaa la Joe Walsh, bila kukaa popote. Kisha unakuja upande wa nne na Fanfare for the Common Man, utungo wa Mmarekani Aaron Copland wa mwaka 1942, ambao besi ya Lake na drams za Palmer zinautia mwendo wa kuyumba kama wa bluzi huku Emerson akiupandisha kwa sinthesaiza, na ghafla watu watatu wanasikika wakubwa kuliko okestra nzima. Toleo lake fupi lilifika nafasi ya pili katika chati ya Uingereza.

Works Volume 2 haikuwa na mpango wa namna hiyo, na hapo ndipo ilipopata faida ambayo haikutafutwa. Kwa kuwa vipande ni vifupi na wenyewe wamechanganywa, hakuna anayepata nafasi ya kujisikiliza kupita kiasi. Emerson, aliyetumia upande mzima kwa konserto, hapa anapiga Honky Tonk Train Blues ya Meade Lux Lewis, mpiga piano Mmarekani aliyeirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Mkono wa kushoto unarudia mdundo usiokatika kama magurudumu ya treni, wa kulia unacheza juu yake, na furaha ya mpigaji inasikika waziwazi.

Kipande kinachostahili kusikilizwa kwa makini zaidi ni I Believe in Father Christmas. Lake alikitoa mwaka 1975 kwa jina lake mwenyewe, kikiwa na okestra na kwaya, kikashika nafasi ya pili nyuma ya Bohemian Rhapsody ya Queen. Hata katika toleo hilo mkono wa Emerson ulikuwamo, kwani ndiye aliyependekeza kuingizwa kwa sauti ya Troika ya Prokofiev kati ya beti. Toleo la Works Volume 2 limeondoa okestra na kwaya, na simanzi ya maneno ya Sinfield kuhusu imani ya utotoni inayopotea inabaki wazi, jambo linalolifanya, licha ya umaarufu wa lile la kwanza, kuwa bora zaidi.

Vipande vya Palmer vyenye ladha ya jazi vinapita bila kuacha alama, na wimbo Brain Salad Surgery, ulioachwa nje ya albamu yenye jina hilohilo, unathibitisha kwamba uamuzi wa 1973 ulikuwa sahihi.

Katika ziara ya mwaka huo wa 1977 bendi ilianza safari Amerika Kaskazini ikiwa na okestra kubwa, lakini gharama zilipozidi mapato wanamuziki hao walirudishwa nyumbani, na maonyesho mengi yaliyobaki yakapigwa na watu watatu tu, ambao waliingiza jukwaani Tiger in a Spotlight na Watching Over You, nyimbo mbili za Works Volume 2 ambazo hazikuhitaji mtu wa nne.