Hela ya Mjerumani: kabla hujaandika "adimu", angalia herufi L

Wadau mnaouza vitu vya kale mtandaoni, leo tuongelee sarafu za Mjerumani. Zile zenye taji na maandishi ya Deutsch Ostafrika, au D.O.A. kwa kifupi. Ndiko lilikotoka hili neno letu "hela": sarafu iliitwa heller, na kuanzia 1904 heller 100 zilikuwa rupia moja.

Mwaka jana nilijiaibisha. Nilinunua heller 20 ya Tabora, ya 1916. Nikalinganisha na picha moja mtandaoni, nikaona taji ya kwangu ni ndogo. Nikaposti kwa mbwembwe: "Toleo lisilojulikana, halimo kwenye katalogi." Bei nikaizidisha mara tano. Haikupita saa moja, mteja mmoja wa Ujerumani akaniandikia inboksi, kwa upole tu: taji ndogo inajulikana miaka mingi, naomba picha ya zile herufi L.

Herufi L? Ndiyo, na hapo ndipo pesa ilipo. Wakati wa vita ya kwanza meli za Mjerumani zilikuwa hazifiki, sarafu zikaadimika, wakaanza kuzigonga wenyewe kule Tabora kwa chuma walichonacho, yakiwemo maganda ya risasi. Ndiyo maana kuna za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na zina herufi T ya Tabora. Taji zipo za aina mbili, kubwa na ndogo. Upande wa pili, kwenye neno HELLER, kuna aina tatu: L ya pili peke yake ina ncha iliyojikunja, au L zote mbili zina ncha kali, au zote mbili zimejikunja. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuipata. Yote haya yameshaorodheshwa. Kwa hiyo piga picha ya karibu ya taji na ya L, andika aina yake, na mnunuzi anayejua atakuheshimu.

Sasa ukiona kitu ambacho kweli hukikuti popote? Tafuta sarafu ya pili yenye alama ileile. Sarafu hugongwa kwa chuma chenye picha, na chuma hicho kikipata ufa au kikichongwa tofauti, kila sarafu inayotoka hapo inabeba alama hiyo. Ikiwa ni moja tu, mara nyingi ni sarafu iliyogongwa vibaya, au imepigwa nyundo na fundi miaka ya baadaye. Za Tabora hasa, nyingi zimegongwa hovyo, usidanganyike.

Lakini kuna mtego. Muuzaji wangu alikuwa na nyingine tatu. Nilipozipanga mezani, zote nne zilikuwa na mkwaruzo uleule pembeni ya namba 2. Mkwaruzo ni jeraha la mfukoni, sarafu nne haziwezi kuumia sehemu moja kwa namna moja. Mtu alichukua moja halisi, akatengeneza kalibu, akamimina nyingine. Ukitazama ubavuni unaona mstari wa maungio, na usoni vitundu vidogo kama vya maandazi. Nilizirudisha zote, hela yangu nikapata nusu.

Za Ulaya kwenyewe ni rahisi kuzipima. Heller 1 ya shaba ina gramu 4 na upana wa milimita 20. Heller 5 kubwa ya shaba, ya 1908 na 1909, ina gramu 20 na milimita 37. Iliyotumika sana hupungua kidogo, ila ikipungua gramu nzima kwenye ile ndogo, ulizia. Mzani mdogo wa sonara unatosha. Za Tabora zinatofautiana uzito, kwa hizo usitegemee mzani peke yake. Sumaku nayo uwe nayo: zote hizi, hata zile zenye tundu za 10, hazinasi. Ikinasa, ndani kuna chuma.

Angalia pia herufi ya kiwanda. A ni Berlin, J ni Hamburg. Heller 1 za 1907 hadi 1912 ni J tu. Ukikuta "1910 A", kabla hujashangilia safisha macho na lenzi: huenda ni J iliyochakaa, au mtu ameichonga.

Nimesema safisha macho, siyo sarafu. Limao, majivu, dawa ya meno, acha. Ile rangi ya kahawia ndiyo anayoilipia mnunuzi, ukiing'arisha umeshusha bei mwenyewe.

Na kwenye tangazo andika ulichokipima: uzito, upana, sumaku, herufi, picha ya ubavu. Usipokuwa na uhakika andika "sijathibitisha", halafu weka bei ya kawaida. Yule mteja wa Ujerumani? Bado ananunua kwangu.