Wazee wa Umatumbi na Maswali ya Waulizaji

Kusikiliza kuna hatua mbili. Kwanza, msemaji apate njia ya kusema. Pili, na hapa ndipo wengi hukwama, maneno yake yaweze kugeuza swali alilokuja nalo msikilizaji. Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilivyoanza Umatumbi, nyuma ya Kilwa, mwishoni mwa Julai 1905, vinatuwezesha kuzipima hatua hizo.

Chini ya Wajerumani, amri ya kulima pamba ilishuka kutoka kwa gavana hadi kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa akida na jumbe. Malalamiko nayo yalitakiwa kupanda ngazi hiyohiyo. Lakini akida aliyesimamia kazi kwa kiboko ndiye aliyetarajiwa kupeleka habari za kiboko! Kwa hiyo watu walisemeshana pembeni, na sifa za maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, zilienea kwa minong'ono. Huko Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini vita viliendelea hadi 1907. Maofisa wengi waliridhika na maelezo kwamba chanzo ni uchawi na waganga.

Hatua ya kwanza ilitimia miaka ya 1960, mwanahistoria G.C.K. Gwassa alipoketi na wazee wa Umatumbi. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, nao walitumwa makwao kuwahoji wazee. Zikasikika habari za kodi, viboko, na pamba iliyowanyima watu muda wa mashamba yao.

Hatua ya pili ni ngumu zaidi. Nchi ilikuwa changa, na waulizaji walivutwa na umoja wa makabila na mizizi ya utaifa. Miaka ya 1990, Thaddeus Sunseri, akiandika juu ya Uzaramo, alitilia uzito mambo mengine: njaa, nguruwe pori, na mzigo wa wanawake walioachiwa mashamba. Aliyewahi kukesha dunguni akilinda shamba huko Kipatimu, Umatumbi, hahitaji kuelezwa kwamba nguruwe si jambo dogo.

Simlaumu Gwassa; bila kazi kama yake tungetegemea zaidi majalada ya Kijerumani na sauti za wakubwa. Hata hivyo, naona hazina kubwa ya mahojiano kama yale iko pale mzee anapoliacha swali la utaifa na kuanza kueleza habari za shamba lake, huku mwulizaji akimwacha aendelee.