Jiwe la Unguja na Maji Yake

Mtu akaaye Mabamba huamka asubuhi akaona vilima, na mabondeni husikia sauti ya maji. Mvua ya huko ikinyesha hushuka kwa vijito hata mto Malagarasi, ikaingia Ziwa Tanganyika, na kutoka ziwani hupita Kongo mpaka Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo si ajabu habari za Bahari ya Hindi kusikika katika nchi ya Buha kama habari za ng'ambo; kwani kutoka Kibondo hata pwani ni kama maili 600 kwa mstari ulionyoka. Lakini leo twataka kueleza habari za kisiwa kimoja cha pwani hiyo, yaani Unguja, na hasa habari za jiwe lake. Jiwe lile lina jambo ambalo mtu wa vilimani hawezi kulibahatisha, na maji ya kunywa ya watu wa kisiwani yamo katika jiwe hilo.

Na tuanze na jaribio dogo. Mwanafunzi achukue ganda la yai, au la konokono, aliponde mpaka liwe unga, kisha atie matone ya siki. Ataona povu linatoka. Sasa atie siki hiyo hiyo juu ya jiwe la mchanga lililookotwa kilimani. Kwa kawaida hataona kitu. Unga wa jiwe la Unguja ukitiwa siki hutoa povu kama lile la ganda, kwa kuwa vitu hivi viwili asili yake ni moja. Jiwe la Unguja lilijengwa na viumbe wenye uhai.

Viumbe hao ni matumbawe. Ni wadudu laini wa baharini, na wengi wao ni wadogo sana. Hutwaa chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, wakajijengea nyumba ngumu; nao wafapo, wengine hujenga juu yake. Hupenda maji ya vuguvugu, safi, yenye kupata mwanga wa jua. Hivyo kazi yao hukua polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka ikawa mwamba wa kuvunja jahazi. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa futi 20 na zaidi, na matumbawe yakajenga mahali ambapo sasa ni mashamba na vijiji. Bahari ilipopungua, mwamba ulibaki nje, mkavu. Tukiufananisha na mawe ya vilima vya Kasulu na Kibondo, ambayo umri wake ni mamilioni mengi ya miaka, jiwe hili ni mtoto mchanga.

Huenda mtu akauliza, bahari yapunguaje? Maji yake yalikwenda wapi? Yalikwenda kuwa barafu. Zamani dunia ilipokuwa na baridi kali, maji mengi yalikaa juu ya nchi za kaskazini kama milima ya barafu, wala hayakurudi baharini. Yapata miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa kadiri ya futi 400. Mkondo ulio kati ya Unguja na bara, mahali pengi kina chake hakifikii futi 200. Basi hesabu ni rahisi: siku zile Unguja hakikuwa kisiwa. Mtu aliweza kutoka bara akaenda kwa miguu.

Wala hili si neno la kukisia tu. Karibu na Jambiani, upande wa mashariki, kuna pango liitwalo Kuumbi, ambalo wataalamu walianza kulichimba mwaka 2005. Ndani yake walikuta mifupa ya punda milia na ya nyati, pamoja na zana za mawe za watu waliowawinda. Punda milia hapandi ngalawa. Alifika hapo akitembea. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda tena, na yapata miaka 10,000 iliyopita Unguja ikatengwa na bara, na wanyama waliokuwamo wakafungiwa. Chui aliyejulikana Unguja ni wa jamaa hao. Pemba mambo ni mengine, maana mkondo wake una kina cha zaidi ya futi 2,000. Hata bahari ilipopungua haukukauka, na chui hakufika kule.

Si kisiwa chote kilicho mwamba mtupu. Upande wa magharibi kuna udongo na mchanga ulioletwa na mito ya bara katika zama za kale zaidi, kabla ya matumbawe tuliyoyataja. Wakulima wa huko wana majina yao: kichanga, kinongo, kinamo, na kinongo ndicho wakipendacho kwa mashamba mazuri. Mashariki na kusini ni maweni. Huko jembe halizami. Mkulima hutafuta vishimo vya udongo katikati ya mawe, akapanda penye nafasi. Mtu wa Mabamba akiliona shamba kama hilo atadhani mwenyewe amepotewa na akili, lakini haifai kumcheka. Ardhi aliyopewa ndiyo hiyo.

Jiwe lenyewe huliwa na maji ya mvua kidogo kidogo, likawa na matundu na mapango. Ndiyo sababu mito ya Unguja ni mifupi, na mingine, kama Mwera, hupotelea ardhini kabla ya kuiona bahari. Huko Mangapwani kuna pango ambalo chini yake pana dimbwi la maji matamu. Basi maji yapo, ila yamefichwa, na hapa ndipo tulipokuwa tukipaelekea tangu mwanzo.

Mvua inyeshapo juu ya jiwe hili huzama upesi. Chini, maji ya bahari nayo yameingia ndani ya jiwe kwa pande zote, kwa kuwa lina matundu. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi: ndoo ya maji ya bahari hushinda ndoo sawa ya maji matamu kwa kadiri ya fungu moja katika arobaini. Kwa hiyo maji ya mvua huelea ndani ya jiwe juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi, ingawa mpaka wao si mkali kama huo. Wataalamu wawili wa Ulaya, Ghyben na Herzberg, walilieleza jambo hili kwa hesabu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kama futi 40 chini yake.

Hesabu hiyo ni njema kwa mvua, mbaya kwa pampu. Ukiyashusha maji ya kisima kwa futi moja, na yakakaa hivyo, chumvi hupanda kwa futi 40 kutoka chini. Mtu wa ndoo na kamba hawezi kufanya hivyo hata akiteka mchana kutwa. Pampu yaweza. Pwani ya mashariki sasa ina hoteli nyingi, na visima virefu vyenye mashine, karibu na vijiji vilivyokuwa vikiteka kwa mkono.

Watu wa Kigoma wanaijua chumvi ya Uvinza, itokayo katika chemchemi na iliyokuwa ikichemshwa, kazi iliyoanza miaka zaidi ya 1,000 iliyopita. Kule mtu aliyachimbia maji ya chumvi akafurahi kuyapata. Maweni kwa Unguja mtu huyakimbia. Katika visima vilivyo karibu na ufuo, maji hupanda na kushuka pamoja na bahari, na mwenye kuteka huonja kwanza kwa kiganja kabla ya kujaza ndoo.