Joto la vifaranga lisigeuke sumu ya watoto

Mfaranyaki mwezi Juni na Julai si mahali pa kulala dirisha likiwa wazi. Mji wetu wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Ni majira haya haya ambayo kina mama wengi, na siku hizi kina baba na vijana pia, huleta nyumbani maboksi ya vifaranga chotara wa siku moja ili kuku wawe tayari kuuzwa sikukuu za Desemba.

Vifaranga hao lazima wapate joto. Kwa kuwa wengi wetu hatuna banda la kulelea, huwekwa stoo, jikoni, sebuleni, au kwenye kona ya chumba wanacholala watoto. Joto lenyewe hutoka kwenye jiko la mkaa au chungu chenye makaa. Mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa gunia, na familia inalala.

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo ufugaji unapogeuka kuwa suala la daktari. Sikuandikii kukukataza kufuga. Najua mtaji huo huenda ni wa mkopo wa kikoba, na kila kifaranga anayekufa ni deni. Nataka vifaranga wako wapone na watoto wako wapone.

Kifaranga anahitaji joto kiasi gani?

Kifaranga wa siku moja ana malaika laini tu, hana manyoya. Mwili wake bado hauwezi kujitunzia joto. Kwa wiki hizo za mwanzo anafanana kidogo na nyoka au mjusi, ambao hutegemea joto la nje maisha yao yote.

Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35. Baada ya hapo unapunguza nyuzi 2 au 3 kila wiki, mpaka wiki ya tano au ya sita anapokuwa na manyoya ya kutosha na kuweza kuishi kwenye nyuzi 20 hivi. Kipimajoto kiwekwe usawa wa mgongo wa kifaranga, si ukutani.

Kama huna kipimajoto, waangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya chanzo cha joto na kulia sana, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, wakipanua midomo na kulegeza mabawa, wamezidiwa na joto. Wakibanana upande mmoja tu, kuna upepo unawapiga. Wakitawanyika, wakila na kulala kwa utulivu, joto linatosha.

Sasa shika jambo hili moja: joto hilo linahitajika ndani ya eneo dogo wanaloishi vifaranga, si chumba kizima. Ukijaribu kukipasha chumba kizima nyuzi 33 utaongeza mkaa, utaziba kila tundu, na utatengeneza hatari niliyokusudia kuizungumzia leo.

Muuaji asiye na harufu

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho wala koo. Watu wengi huamini kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukaisha, hatari imeisha. Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi wowote yanaendelea kuitoa gesi hiyo kwa wingi.

Ndani ya damu kuna himoglobini, kitu kinachobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksaidi huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hivyo unaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Aliyelala hashtuki, kwa sababu gesi yenyewe humzidishia usingizi.

Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, kwa hiyo huathirika mapema. Mjamzito yuko hatarini mara mbili: gesi hupita kwenye kondo la nyuma na kukaa kwenye damu ya mtoto tumboni kwa muda mrefu kuliko kwenye damu ya mama. Mama anaweza kujisikia nafuu ilhali mtoto bado anaumia.

Vifaranga nao huvuta hewa hiyo hiyo. Wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza walikuwa wakishuka mgodini na ndege wadogo kwenye vizimba mpaka mwaka 1986, kwa sababu ndege huzidiwa na gesi hii kabla ya binadamu. Ukiamka ukakuta vifaranga wengi wamekufa kwa usiku mmoja kwenye chumba chenye jiko, usifikirie ugonjwa wa kuku peke yake. Toa watu nje kwanza, kisha mtafute ofisa mifugo.

Mambo mawili ambayo hayasaidii: bakuli la maji kando ya jiko halinyonyi gesi hii, na kuacha dirisha wazi kidogo hakufanyi chumba chenye mkaa kuwa salama kwa kulala.

Si kila kichwa kinachouma ni malaria

Mkoa wetu wa Ruvuma tunaijua malaria, na ndiyo maana sumu hii hutupita machoni. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Mtu anameza dawa za malaria zilizobaki kabatini, na usiku analala tena kwenye chumba kile kile.

Jiulize maswali manne. Je, watu wawili au zaidi wa nyumba moja wameamka na dalili zinazofanana? Je, hawana homa? Je, wanapata nafuu wakitoka nje au wakienda kazini, na kuumwa tena wakirudi? Je, kulikuwa na moto wa mkaa, kuni au jenereta karibu? Majibu yakiwa ndiyo, fikiria hewa ya nyumba yako. Hata hivyo, kipimo cha malaria kifanyike, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Ukifika zahanati au hospitali, taja jiko hilo bila kuona haya. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha oksijeni na gesi hii, hivyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini. Maelezo yako yanaweza kuwa kipimo bora kuliko mashine.

Ukimkuta mtu amezidiwa

Vuta pumzi ukiwa nje, ingia, fungua mlango na madirisha, mtoe mgonjwa kwenye hewa safi haraka. Usikae ndani kuhangaika na jiko. Waokoaji wengi huanguka hapo. Kama hajitambui lakini anapumua, mlaze ubavu. Kama hapumui na unajua kufufua, anza mara moja huku wengine wakitafuta usafiri. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya ndimu. Maziwa hayaitoi gesi kwenye damu, na mtu asiyejitambua anaweza kupaliwa.

Tiba ni oksijeni. Mgonjwa akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi hii hutoka mwilini kwa saa 4 hadi 5. Akivuta oksijeni tupu kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Ndiyo maana nasema apelekwe hospitali hata kama amezinduka. Tena, wapo wanaopata usahaulifu, kubadilika tabia au kutetemeka siku au wiki kadhaa baadaye. Wakirudi na dalili hizo, wakumbushe wahudumu kilichotokea.

Njia salama za kupata joto

Kanuni ya kwanza haina mjadala: pasiwe na mkaa unaowaka ndani ya nyumba mnamolala, awe kifaranga au asiwe kifaranga. Kama mkaa ndiyo njia pekee, uwe kwenye banda la nje lenye matundu ya hewa juu ya ukuta, na hata huko asilale mtu wa kulinda.

Umeme ni nafuu kwa usalama kuliko mkaa, lakini una masharti. Balbu za kisasa zinazobana matumizi hazitoi joto la kutosha. Tumia balbu ya joto au ya zamani ya waya. Ining'inize kwa mnyororo au waya wa chuma, si kwa waya wa umeme wenyewe. Balbu kubwa za joto zikae angalau sentimita 45 juu ya maranda, na uziinue vifaranga wanapokua. Usifunike balbu kwa gunia au boksi, na usiunge waya kwa nailoni. Maranda makavu hushika moto haraka sana.

Umeme ukikatika, usikimbilie jiko. Chemsha maji mapema, ujaze kwenye dumu, lifunge vizuri, lizungushie kitambaa kizito na uliweke katikati ya vifaranga, ukibadilisha maji yanapopoa. Njia nyingine, iliyotumika Ethiopia na Kenya, ni sanduku lisilotumia moto: boksi dogo lenye kuta zilizojazwa nyasi kavu au mabaki ya nguo, na kifuniko cha kitambaa chenye matundu ya hewa. Vifaranga wakikaa pamoja humo usiku, joto la miili yao halipotei. Kwa siku za kwanza za baridi kali, changanya sanduku hilo na dumu la maji moto.

Haya yanamhusu pia mzazi aliyetoka kujifungua. Mtoto mchanga hahitaji jiko la mkaa chumbani. Mvalishe kofia na soksi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, kisha mjifunike wote wawili. Kifua cha mama, au cha baba, kinatosha.

Mtoto, moto na vifaranga

Mtoto akiungua na jiko, maji moto au balbu, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala samli. Funika kwa kitambaa safi umpeleke hospitali ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au liko usoni, mikononi au sehemu za siri.

Mafuta ya taa ya chemli yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Mwisho, vifaranga wanaoonekana wazima wanaweza kubeba vimelea vya salmonela vinavyoleta kuhara kukali. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiwabusu wala kulala nao. Kila aliyewashika anawe mikono kwa sabuni, na vyombo vya vifaranga visioshwe pamoja na vya chakula.

Leo kabla ya kulala, zunguka nyumba yako. Jiko liko wapi? Waya umepita wapi? Nani amelala karibu na vifaranga? Kama kuna kitu cha kuhamisha, kihamishe sasa, kabla hamjafunga mlango.