Usiung'oe Mti wa Kahawa wa Baba Yako

Somo: Luka 13:6–9

Leo nataka tutafakari pamoja juu ya mti ambao wengi wetu tumeuzoea tangu utoto, nao ni mti wa kahawa.

Kutoka Nkubu na Igoji, kupitia Chuka, hata Runyenjes na Manyatta, ni vigumu kupata mmea uliopendwa kuliko huu. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuulima, mpaka katika miaka ya 1930 Meru, Embu na Kisii zilipokuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kupewa ruhusa. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka wa 1975, bei ilipanda sana, na katika mwaka wa 1976 na 1977 wazazi wengi walilipa karo na kujenga nyumba kwa fedha za kahawa. Lakini mwaka wa 1989 mapatano ya nchi zinazouza na zinazonunua kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaachwa bila kutunzwa.

Kwa sababu hiyo, katika nyumba nyingi kuna mabishano ambayo hayajaisha. Kijana husema, "Baba, miti hii imechoka. Tuing'oe, tupande miraa au makadamia." Mzee hujibu, "Mti huu ndio uliokusomesha. Nikiwa hai, hakuna panga litakalougusa." Naye mama yuko katikati yao, akivuta mashina marefu kwa kijiti chenye ndoano, na jioni debe halijajaa.

Ndugu zangu, kijana ameona kweli, maana mti umezeeka. Mzee pia ameona kweli, maana mti ungali na uhai. Lakini wote wawili wamekosea katika jambo moja: wanadhani kwamba kukata ni kuua.

Tuangalie jinsi kahawa inavyozaa. Matunda hutokea hasa juu ya sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia. Sehemu iliyokwisha kuzaa haizai tena vizuri. Kwa hiyo kila mwaka matunda husogea mbele, kuelekea ncha za matawi na kilele cha mti, na huku chini hubaki uchi. Uzee basi uko katika mashina. Mizizi iliyo chini yaweza kuwa na nguvu bado, ikingoja nafasi tu.

Mkulima anayejua kazi yake hungoja mavuno makubwa yaishe, kabla ya mvua ya Machi. Ndipo huchukua msumeno mkali na kukata shina kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini. Hulikata kwa mshazari, ili maji ya mvua yateremke, yasije yakatuama na kuozesha kisiki. Mvua ikinyesha, machipukizi mengi hutokea. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa huyahurumia yote. Yapasa kuchagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyotoka chini na kuachana nafasi, na kuyaondoa mengine yote. Kisha mti hupewa samadi, na kungojewa kama miaka miwili.

Lakini miaka miwili bila mavuno ni mirefu kwa mwenye watoto shuleni. Kwa hiyo iko njia nyingine: shina la zamani halikatwi mara moja, bali huachwa likiendelea kulisha mizizi, na machipukizi hulelewa kando yake. Yale machanga yakianza kuzaa, la zamani hukatwa kwa shukrani. Hata mwenye kutaka aina mpya, kama Ruiru 11 iliyotolewa mwaka wa 1985 au Batian ya mwaka wa 2010, zinazostahimili magonjwa vizuri zaidi, anaweza kuzipandikiza juu ya kisiki cha zamani. Mtume Paulo alisema juu ya kupandikiza kwa namna hiyo katika Warumi 11, alipotaja mzeituni.

Sasa turudi kwenye somo letu. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu akitafuta tini, asipate, akaamuru mti uondolewe. Mtunzaji aliomba mwaka mmoja zaidi. Lakini tazameni vizuri: hakuomba mti uachwe kama ulivyo. Aliomba mwaka wa jembe na samadi. Alikataa kung'oa, na pia alikataa kukaa bure.

Kanisa letu linahitaji watunzaji wa namna hiyo. Wako wazee walioshika kazi za kanisa tangu ujana wao, na hawataki kuona chipukizi karibu nao. Mzee wangu, shina la zamani lina kazi kubwa ya kulisha mizizi mpaka machanga yazae. Lakini likikataa kuondoka siku yake ikifika, linawanyima watoto jua. Wako na vijana wanaosema, "Tuache kanisa hili, tukaanzishe jingine." Kijana wangu, uhai ulio nao ulitoka katika mzizi ambao hukuupanda wewe. Tena ukubali kupunguzwa, kwa maana machipukizi yote yakiachwa, hakuna hata moja litakalozaa vema. Bwana wetu alifundisha katika Yohana 15 kwamba Baba husafisha hata tawi lizaalo, ili lizae zaidi.

Ayubu, katikati ya mateso yake, alifikiri juu ya mti uliokatwa, akaona kwamba kisiki kinachoonekana kimekufa chaweza kuamka kikipata maji. Nabii Isaya naye aliona tumaini la Israeli likitokea katika kisiki cha nyumba ya Yese. Mungu wetu hajawahi kuogopa visiki.

Lakini mfano wa Bwana hautuambii mti ule uliishia wapi. Mwaka ule wa neema ulikuwa na mwisho wake. Basi baba na mwana, kabla ya mvua kuja, ingieni shambani pamoja, msumeno ukiwa mkononi na maombi yakiwa moyoni. Fanyeni vivyo hivyo katika kanisa.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, mkulima mwema, tupe moyo wa kukubali kukatwa na wewe, na subira ya kungoja machipukizi yako. Uwapatanishe wazazi na watoto katika nyumba zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.