JE, WAJUA? Jaji Nyalali: kutoka hakimu hadi kilele cha mahakama

Je, wajua kwamba Francis Nyalali alikuwa na miaka 42 tu Mwalimu Nyerere alipomteua kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania mwaka 1977? Alistaafu mwaka 2000, baada ya miaka 23 na marais watatu.

Je, wajua kwamba mzaliwa huyu wa Mwanza alisoma Tabora na Makerere kabla ya kwenda London kusomea sheria? Alianza na kiti cha hakimu, akasuluhisha migogoro ya wafanyakazi na waajiri, na mwaka 1974 akawa Jaji wa Mahakama Kuu.

Je, wajua kwamba Mtanzania wa kwanza kuwa Jaji Mkuu ni Augustine Saidi, mwaka 1971? Aliyemtangulia, Telford Georges, alitoka Dominica, kisiwa cha Karibi. Baadaye Georges alikuwa Jaji Mkuu wa Zimbabwe, kisha wa Bahamas!

Je, wajua kwamba Tanzania haikuwa na Mahakama ya Rufani yake hadi mwaka 1979? Rufaa za mwisho zilisikilizwa na mahakama ya pamoja ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilibidi nchi ijenge ya kwake, na Nyalali ndiye aliyeiongoza.

Je, wajua kwamba mkazi wa Mitundu, kusini mwa Itigi, anayedai fedha za ng'ombe aliyemkopesha jirani anaweza kufika Mahakama ya Rufani? Huanzia Mahakama ya Mwanzo, hupanda ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Ili aende Rufani, lazima Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria. Ubishi tu wa nani alishuhudia ng'ombe akiswagwa hautoshi.

Je, wajua kwamba haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, lakini mahakama zikazuiwa kuzitumia hadi Machi 1988? Zuio lilipokwisha, Mahakama Kuu Dodoma ilitikisa nchi: mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya alitamka kuwa adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Je, wajua kwamba katika Tume ya Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, asilimia 77.2 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee? Waliotaka vyama vingi walikuwa asilimia 21.5 tu. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, ikihofia kundi hilo dogo kunyamazishwa. Vikaruhusiwa Julai 1, 1992.

Je, wajua kwamba Tume hiyohiyo ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na ikapendekeza Muungano wa serikali tatu? Serikali ilikataa hilo la mwisho. Zaidi ya miaka 20 baadaye, Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba ikalipendekeza upya. Serikali zikabaki mbili.